Injekta Haipigi: Tafuta Umeme Kabla ya Kununua Nozeli

Mombasa, nozeli huhukumiwa bila kusikizwa. Gari la zamani likikohoa, likitoa moshi mweusi au likikataa kuwaka asubuhi, fundi wa kwanza atasema nozeli zimekufa. Wa pili atasema kompyuta. Wa tatu atakushauri ung'oe mfumo wote ufunge kabureta, upumzike. Hizo kabureta za kubandika nimeziona nyingi, na wenye magari hayo sijawaona wakipumzika.

Injekta, yaani hiyo nozeli inayoipulizia injini petroli, si chombo cha kufa ovyo kwa umeme. Ndani mna koili ya waya wa shaba, springi na sindano, basi. Kinachokufa ni njia ya kuufikisha umeme pale, na njia hiyo mji wetu unaitafuna mwaka mzima. Gari linalolala Kizingo au Nyali linapigwa na upepo wa chumvi usiku kucha. Likioshwa kwa maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwani maji yake yana chumvi, linaoshwa na kutiwa chumvi kwa bei moja. Ongeza joto la foleni ya feri Likoni: soketi za plastiki za miaka ya 1980 hukauka zikavunjika mkononi kama mkate wa mofa uliolala.

Kwa hiyo hapa injekta ndiyo mshukiwa wa mwisho, na kila waya utaulizwa swali moja. Si "una volti ngapi?" bali "ukitwikwa mzigo, unaubeba?" Waya uliooza ukabakiwa na uzi mmoja wa shaba huonyesha volti 12 safi kwenye mita, kwa sababu mita yenyewe haivuti kitu. Utwike balbu uone.

Jua mfumo ulio nao

Fungua boneti utazame injekta zenyewe. Kama kila moja imeingiwa na paipu nyembamba ya petroli na haina waya hata mmoja, hiyo ni K-Jetronic, mfumo wa petroli wa kampuni ya Bosch. Mercedes 230E na 280E za umbo la W123 ziko hivyo. Injekta zake hufunguka kwa shinikizo la petroli tu, hazijui umeme ni nini. W124 nyingi za petroli za mwanzo zilizofuata zilipata KE-Jetronic, yenye kompyuta, lakini injekta zake nazo hazina waya. Nimeona mtu akiuziwa "waya za nozeli" za W123. Kwenye magari haya umeme utautafuta kwanza kwenye pampu, rilei (swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme) na ile injekta ya ziada ya kuwashia injini baridi, si kwenye nozeli.

Ukiona soketi ya pini mbili juu ya kila injekta, mwongozo huu ni wako: L-Jetronic na LE-Jetronic kwenye BMW E30 za mwanzo na Peugeot 505 GTI, LH-Jetronic kwenye Volvo 240, na EFI za Toyota za miaka hiyo. D-Jetronic, iliyoanzia kwenye Volkswagen 1600 mwaka 1967, ni ukoo wa peke yake na naiacha.

Namna zinavyofanya kazi ni hivi. Chanya hutoka kwenye betri, hupita kwenye rilei na kufika kwenye pini moja ya kila injekta. Pini ya pili inakwenda kwenye kompyuta. Kompyuta haipeleki umeme. Inaifungulia injekta njia ya kurudi kwenye athi, yaani hasi ya betri kupitia bodi, kwa milisekunde mbili au tatu injini ikiwa imetulia, halafu inaifunga. Ukikanyaga mafuta, muda huo unarefuka.

Kwenye L-Jetronic kuna jambo ambalo watu hulipita: injekta zote hupiga kwa pamoja, mara moja kila mzunguko wa krenki (mhimili mkuu wa injini), nusu dozi kila safari. Za silinda sita mara nyingi hugawanywa makundi mawili ya tatu tatu. Maana yake kompyuta haimjui silinda wa tatu ni nani. Silinda mmoja akifa peke yake, usiiguse kompyuta. Tatizo liko kwenye waya wake, soketi yake, rezista yake (kipunguza umeme) au injekta yake.

Vifaa, na mambo ya kutofanya

Utahitaji mita ya umeme ya kawaida, taa ndogo ya LED iliyounganishwa na rezista ya omu 1000 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), balbu ya breki ya wati 21 yenye waya mbili ndefu, bisbisi ndefu, spreya ya kusafishia umeme, na kizimamoto. Ile LED tengeneza mwenyewe: rezista kwenye mguu mmoja, solda kidogo, tepu. Maduka ya kutengeneza redio na TV wanazo zote mbili.

Petroli kwenye bomba la injekta inakaa na shinikizo la bar 2.5 hadi 3, na hubaki nalo muda mrefu gari likiwa limezimwa. Hatua zote humu zinafanyika bila kufungua bomba, basi usilifungue. Fanyia kazi nje penye upepo. Sigara iende mbali, na mwenye sigara pia.

Kompyuta za zamani huuawa kwa mikono kuliko kwa umri. Usichomoe soketi yake switchi ikiwa imewashwa. Usiondoe waya wa betri injini ikinguruma, hata kama kuna mzee aliyekufundisha kupima alteneta namna hiyo. Gari likienda kuchomelewa bodi, chomoa betri na kompyuta kwanza. Na ile balbu ya wati 21 isiguse kamwe waya unaokwenda kwenye kompyuta: balbu baridi huvuta umeme mwingi sana inapoanza, na transista ya ndani, ile swichi ndogo ya kompyuta, haitavumilia.

Hatua ya 1: Hakikisha kesi ni ya injekta

Pima betri. Ikiwa imepumzika iwe karibu volti 12.6, na ukipiga starti isishuke chini ya 10. Ikishuka zaidi, kompyuta ya zamani huchanganyikiwa au hulala kabisa, ukadhani injekta zimekufa kumbe betri ndiyo imechoka. Kisha angalia kama plagi zina moto, na usikilize pampu ya petroli nyuma. Kwenye mifumo mingi pampu haiendeshwi na switchi pekee; hufanya kazi injini inapozunguka, kwa hiyo mtu mmoja apige starti na mwingine asikilize.

Kama gari linawaka lakini linamisi, liache lingurume taratibu, uchomoe soketi za injekta moja baada ya nyingine. Injini ikipungua nguvu, silinda huyo alikuwa akifanya kazi, rudisha soketi. Pale ambapo kuchomoa hakubadilishi kitu, umempata.

Sasa una moja kati ya hali hizi: silinda mmoja amekufa, kundi zima limekufa, zote zimekufa, au kuna injekta iliyobaki wazi. Hiyo ya mwisho ndiyo ya hatari. Ukisikia harufu kali ya petroli na plagi zinatoka zimelowa, vuta kijiti cha oili unuse. Oili ikinuka petroli, usipige starti tena. Petroli iliyojaa kwenye silinda haishindiliki, na ukilazimisha inapinda konrodi.

Hatua ya 2: Sikiliza

Weka ncha ya bisbisi juu ya mwili wa injekta na mpini sikioni, injini ikinguruma. Injekta nzima inagonga kavu na kwa haraka, tak-tak-tak. Iliyokufa ni kimya. Inayogonga kwa sauti nzito kuliko wenzake huenda imeganda kwa uchafu, na hilo ni la kusafishwa, si la umeme. Kuwa mwangalifu na feni na mkanda. Kikoi na kanzu havifai karibu na injini.

Hatua ya 3: Soketi

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu leo, fanya hii.

Soketi ya Bosch ya enzi hizo imeshikwa na kipini cha waya wa chuma kilichozunguka pande tatu. Wengi huivuta kwa nguvu ikiwa na kipini chake, na waya huchomoka ndani ya soketi ukabaki umening'inia kwenye mpira, kwa nje huoni kitu. Tandaza kitambaa chini ya injekta, kwa sababu kipini kikiruka kinaingia kusikojulikana. Sukuma upande mmoja wa kipini kwa ncha ya bisbisi ndogo, kisha wa pili, ndipo uivute soketi yenyewe. Usivute waya.

Tazama ndani ukiwa na tochi. Unachotafuta ni unga wa kijani au mweupe kwenye pini, na pini iliyopanuka ikawa haibani. Vuta ule mpira wa nyuma utelezeshe kwenye waya, utazame pale waya unapoingia kwenye pini. Pwani hapa ndipo pa kwanza kuoza. Shaba ikibadilika kuwa nyeusi au kijani, na kijani hicho kikapanda ndani ya ganda la waya, kata. Endelea kukata sentimita moja moja hadi shaba ing'ae. Wakati mwingine utakata kiganja kizima.

Kusafisha: spreya ya umeme na mswaki mdogo. Usisugue pini kwa msasa. Ina bati jembamba sana juu yake, ukiliondoa umeifungulia chumvi mlango. Mafuta ya taa hapana. Pini iliyolegea ibane kidogo kwa sindano, kidogo tu, mpaka uhisi inashika unapoirudisha.

Rudisha soketi zote, uwashe. Magari mengi huishia hapa, na mwenyewe akabaki na pesa za nozeli mfukoni.

Hatua ya 4: Omu

Switchi imezimwa, soketi zimechomolewa. Gusanisha kwanza ncha mbili za mita uone inasoma nini, labda 0.3, na hiyo uiondoe kwenye kila kipimo. Kisha pima kati ya pini mbili za kila injekta.

LE-Jetronic na LH huwa karibu omu 16. L-Jetronic za mwanzo na Toyota nyingi za zamani zina injekta za omu 2 hadi 3, nazo huja na rezista zake za pembeni kwenye kisanduku cha chuma, karibu na betri au kwenye ukuta wa injini. Cha kutazama zaidi ni udugu: zote zifanane. Tatu zikisoma 16 na moja 11, hiyo moja koili yake imeungana ndani. Ikisoma mwisho wa mita, imekatika. Pima zote zikiwa na joto moja, kwani shaba ikipata joto omu hupanda. Kisha pima kila pini dhidi ya bodi ya injini: isisome kitu.

Injekta za omu 2 usiziunge moja kwa moja na volti 12 ili usikie zikigonga. Koili inaungua upesi. Ukitaka kusikia, betri ndogo ya volti 9 na mguso wa kufumba na kufumbua unatosha.

Kuna njia ya kuzipima zote bila kuchafua mikono, na inafaa pale soketi zinapokuwa chini ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini). Chomoa betri, chomoa kompyuta, na kwa msaada wa mchoro wa gari lako pima kati ya waya wa chanya wa injekta na pini ya kompyuta inayoziendesha. Injekta nne za omu 16 zikiwa pamoja husoma 4. Mojawapo ikikatika utasoma 5.3. Mbili, 8. Kipimo hiki kinapitia injekta, soketi na waya kwa mpigo.

Hatua ya 5: Chanya chini ya mzigo

Unganisha mguu mmoja wa balbu ya wati 21 na hasi ya betri, mwingine uguse pini ya chanya ndani ya soketi ya injekta, ukitumia kiwaya chembamba kisichopanua pini. Hakikisha kwa mita kwanza kwamba hiyo ndiyo ya chanya: soketi zote zikiwa zimechomolewa, washa switchi, ile inayosoma volti 12 ndiyo. Kwenye LE-Jetronic rilei hutoa umeme injini inapozunguka tu, kwa hiyo hapo mwenzako apige starti.

Mfumo usio na rezista, balbu iwake kwa nguvu zote. Ikiwa inawaka, pima kwa mita kati ya chanya ya betri na pini ile ile: tofauti isizidi nusu volti. Kikizidi hapo, kuna mahali njiani panakula. Rudi nyuma kipande kwa kipande, soketi, rilei, fyuzi, mpaka upate pale tofauti inaporuka.

Mfumo wenye rezista, balbu itafifia hata kama kila kitu ni kizima, kwa sababu umeme umepita kwenye rezista kwanza. Usishtuke. Linganisha soketi zote: zififie sawasawa. Moja ikikataa kabisa, fungua kile kisanduku. Rezista hizo hupata moto sana, na miguu yake hukatika ndani au soketi yake huoza. Rezista moja ikikatika, silinda mmoja amekufa, na hakuna kitu kibaya kwenye injekta.

Kijana mmoja wa gereji Majengo, fundi hodari wa injini, alinipigia kuhusu E30 ya mteja wake iliyokuwa ikimisi.

"Shikamoo mzee. Umeme upo hapa, injekta ndiyo mbovu. Mita yasema kumi na mbili nukta tatu."

"Marahaba. Umepima na nini?"

"Na mita, mzee."

"Haya, mwanangu, pima na balbu."

Kimya, kisha kicheko. Ule uzi ndani ya balbu ulikuwa na wekundu wa makaa, haufiki hata kuwaka. Waya ulikuwa umeungwa zamani kwa kusokotwa na kufungwa tepu, chini ya betri mahali maji ya kuoshea hukaa. Alipoibandua tepu, maungio yalitoka unga wa kijani. Nyuzi mbili tatu za shaba ndizo zilizokuwa zimeshikilia, na hizo zilitosha kuidanganya mita.

Hatua ya 6: LED kwa amri ya kompyuta

Ingiza miguu ya LED kwenye soketi ya injekta iliyochomolewa, mguu mrefu upande wa chanya. Mwenzako apige starti.

Ikimweka, kompyuta inatoa amri na amri inafika. Isipomweka kwenye soketi moja na nyingine zinamweka, waya wa kurudi wa injekta hiyo umekatika. Isipomweka kokote, nenda hatua ya 8. Ikiwaka bila kukata, ama waya umechubuka ukagusa bodi, ama transista ya kompyuta imeungana; hapo ndipo injekta hubaki wazi na silinda kujaa petroli. Chomoa soketi ya kompyuta, switchi ikiwa imezimwa, kisha rudia: LED ikiendelea kuwaka, ni waya. Ikizima, ni kompyuta.

Lakini kumbuka lile swali letu. LED inavuta umeme kidogo mno, kwa hiyo inathibitisha amri, haithibitishi kwamba njia inabeba mzigo. Mzigo sahihi wa upande huu ni injekta yenyewe. Kama silinda wa pili ndiye amekufa, badilishana soketi yake na ya jirani. Kwa kuwa zinapiga pamoja, injini haitajua tofauti. Ugonjwa ukihamia kwa jirani, waya ndio mbovu. Ukibaki pale pale, sasa ndiyo una haki ya kuishuku injekta. Kwenye mifumo inayopiga silinda mmoja mmoja, fanya hivyo kwa muda mfupi tu wa kujaribu.

Hatua ya 7: Athi

Waya za athi za kompyuta hukusanyika kwenye ringi moja au mbili, zimefungwa kwa bolti kwenye manifoldi au kichwa cha injini. Kila aliyewahi kufungua manifoldi amezigusa, na wapo waliozirudisha juu ya rangi, au waliozisahau zikining'inia.

Weka ncha nyekundu ya mita kwenye ringi, nyeusi kwenye hasi ya betri yenyewe, si kwenye kibano chake. Piga starti. Isome chini ya volti 0.2. Ukiona nusu volti na zaidi, fungua bolti, safisha chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu. Fanya hivyo hivyo kwenye waya mnene wa injini kwenda bodini. Gari linalokosa nguvu wakati taa na feni zimewashwa, na kupona zikizimwa, mara nyingi shida yake ni hiyo hapo.

Hatua ya 8: Zote zimekufa

Kompyuta ya L-Jetronic hujua injini inazunguka kupitia waya mwembamba unaotoka hasi ya koili ya plagi, ile yenye nambari 1. Waya huo ukikatika, plagi zina moto, starti inazunguka, na hakuna injekta inayogonga. Kidokezo cha bure: tazama mshale wa resi (wa mizunguko ya injini) kwenye dashibodi mtu akipiga starti. Magari mengi huuchukulia ishara pale pale kwenye koili. Mshale ukitikisika, ishara inatoka kwenye koili. Fuata waya wa kompyuta peke yake. Usipotikisika, anzia kwenye koili.

Kisha rilei ya mfumo. Ifungue ganda, tazama solda chini ya pini kwa kioo cha kukuzia. Solda iliyopasuka ina duara jembamba jeusi kuizunguka pini. Ichome upya.

Na alamu. Gari gani la zamani hapa Mombasa halijawahi kufungwa alamu, au swichi ya siri ya kuzuia wizi, au vyote viwili na mafundi tofauti? Hao hukata waya wa switchi au wa pampu, wakaupitisha kwenye rilei ya bei nafuu chini ya dashibodi, wakafunga tepu. Miaka kumi baadaye rilei imechoka na hakuna anayekumbuka iko wapi. Kabla ya kuhukumu mfumo wa Bosch, tambaa chini ya usukani na tochi utafute waya za rangi zisizofanana na za kiwandani. Mimi nikizipata huziondoa zote kwanza, naunganisha njia ya asili, ndipo naanza kupima.

Sensa ya joto, mshukiwa wa pembeni

Gari linalotoa moshi mweusi, kunuka petroli na kukataa kuwaka likiwa na moto, huku injekta zote zikigonga vizuri, lipimwe sensa ya joto la maji. Waya wake ukikatika, kompyuta huamini kwamba nje kuna barafu, ikamwaga petroli ya Ulaya ya Januari ndani ya injini iliyo Bamburi. Sensa ya Bosch ya kawaida husoma karibu omu 2,500 kwenye nyuzi 20 na karibu 300 kwenye nyuzi 80. Asubuhi ya huku kwetu, injini ikiwa imelala, tarajia kati ya 1,400 na 2,200.

Kurekebisha ili kukae

Waya wa milimita mraba 1 unatosha kwa injekta. Ukiweza kupata ule wa boti uliopakwa bati kila uzi, nunua huo, hauli chumvi upesi. Kwenye soketi bana pini kwa koleo lake, usitie solda pale, kwa sababu solda huufanya waya kuwa mgumu na mtikisiko unaukata pembeni mwake. Katikati ya waya, solda ni sawa, mradi ifunikwe na ganda la kukaza kwa moto. Tepu peke yake karibu na injini ni ya siku chache. Gundi yake inayeyuka.

Ndani ya soketi weka grisi ya silikoni kidogo. Vaselini iishie kwenye vichwa vya betri, kwa kuwa hufurisha mipira. Badilisha mipira ya nyuma ya soketi iliyopasuka. Ni ya bei ndogo kuliko chochote kingine humu. Na mwambie kijana wa kuosha gari asielekeze mpira wa maji kwenye injini.

Ikibaki kompyuta

Umefika hapa chanya inabeba balbu, athi ni safi, ishara ya koili inafika, na bado LED haimweki au haizimi. Fungua kompyuta, mara nyingi iko nyuma ya sanduku la glavu au chini ya kiti. Tazama solda kwenye pini kubwa za soketi, utafute na dalili ya maji. Solda iliyopasuka fundi wa redio anaichoma vizuri. Transista iliyoungana naye pia anaweza, akiwa mtulivu.

Ukiamua kutafuta ya mtumba, nenda na yako mkononi. Kompyuta za Bosch za L-Jetronic nambari zake huanza 0 280 000, na injekta 0 280 150. Tarakimu tatu zinazofuata ndizo zinazotenganisha gari na gari, hata kama boksi zinafanana kama mapacha. Muuzaji akikwambia "hizi zote sawa tu", mwombe ukaijaribu kwenye gari kabla ya kulipa, akikataa, mrudishie.